Mugisho asife, na asipone kwa siku moja

Mwanangu mpendwa,

Sura ulizonitumia kutoka Lubumbashi nimezisoma zote, na swali lako nimelielewa. Mugisho, huyo mvulana wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, katika riwaya yako, afe mwishoni ili msomaji aguswe, au apone? Asife. Ila asipone kama ulivyomponya wewe, kwa barua moja ya msichana anayempenda.

Goethe, mwandishi Mjerumani, alipotoa mwaka 1774 riwaya yake ya Werther, kijana anayejiua kwa ajili ya mapenzi, vijana wa Ulaya walivaa kama mhusika wake, na hofu kwamba wengine wanajiua kwa kumwiga ilifanya kitabu kipigwe marufuku mjini Leipzig. Mwaka 1974 David Phillips, mtaalamu wa Marekani, aliona kwamba habari za kujiua zikiwekwa ukurasa wa mbele wa magazeti, vifo vya namna hiyo huongezeka. Utafiti uliofanywa Austria na kutolewa mwaka 2010 ulionyesha upande wa pili: habari za mtu aliyekata tamaa kabisa akapata njia nyingine ziliendana na kupungua kwa vifo hivyo. Kwa hiyo ule ukurasa unaoeleza hatua kwa hatua alichotaka kufanya Mugisho, ufute. Unawaandikia watoto wa miaka 15, na kuna atakayeusoma usiku, peke yake.

Halafu umemliza mno. Wavulana wengi niliowahudumia hawalii, wanakuwa wakali. Anamjibu mama yake vibaya, kila asubuhi ya shule anaumwa tumbo au kichwa, mpira haendi tena, usiku hapati usingizi na mchana anasinzia juu ya daftari. Nyumbani wanasema mvivu, au karogwa. Na vita usiibebeshe kila kitu. Najua wasomaji wa mbali wanaitarajia, na kweli imeumiza watoto wengi hapa kwetu na Goma. Lakini sonona inampata hata mtoto ambaye risasi haijawahi kugusa nyumba yao, na huyo naye anastahili kujikuta kitabuni.

Mchungaji umemfanya mtu mbaya tu, na hapo sikubaliani nawe. Mama wa Mugisho anakwenda chumba cha maombi kwa sababu kiko jirani, mlango uko wazi, na anapata wa kulia naye. Hatari inaanza pale mtoto mgonjwa anapofungishwa siku nyingi bila kula, au familia inapoambiwa itupe dawa. Andika yote mawili. Andika pia aibu ya mama siku anayompeleka mwanawe SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, anavyofunika kichwa kwa kitenge ili jirani asimtambue.

Kupona kwenyewe ndiko umekupitia mbio. Kwa umri wake daktari ataanza na mazungumzo, siyo vidonge. Ikibidi dawa ya sonona kama fluoxetine, haileti nafuu siku ya kwanza. Inaweza kuchukua wiki nne au zaidi, huku mwanzoni kijana akisikia kichefuchefu, na wiki hizo za kwanza inabidi aangaliwe kwa karibu sana. Kuna riwaya nzima hapo, mwanangu! Mama anahesabu vidonge na haoni mabadiliko, baba anauliza pesa inakwenda wapi. Dalili ya kwanza huwa ndogo mno. Kijana aliyekuwa anasukuma tonge la bugali huku na huku hadi lipoe, jioni moja anaonja sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na kumwambia dada yake hazina chumvi. Dada anakasirika. Mama anatoka nje kulia kwa furaha, maana mtoto wake ameonja chakula.

Baada ya hapo hali imrudie tena, angalau mara moja, bila kosa la mtu yeyote.

Na yule rafiki yake wa mpira aliyepotea sura ya tatu, mrudishe. Awe anakuja Jumamosi, anakaa kizingitini, hata kama Mugisho hasemi neno. Barua ya msichana iache, lakini isiwe dawa. Mwishoni arudi shuleni akiwa bado na asubuhi mbaya, na awe anajua ni nani wa kumwambia zikimzidi.

Ukishaiandika upya nitumie kabla ya kumpa mchapishaji. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako, Bukavu