Mwanangu, kuhusu hicho chama

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza ujiunge na chama cha wauguzi au ada ni hela ya kutupa. Ntakujibu, ila kwanza, juzi ndugu wa mgonjwa alipokupigia mbona ulimwambia "mimi nesi tu"? Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nilisikia. Hilo "tu" ndo linatumaliza, nimewaambia tangu mko wadogo.

Yule mzee wa kitanda cha mwisho unamkumbuka, niliyekuwa nawasimulia nikitoka zamu ya usiku? Anapumua mara 28 kwa dakika, mkojo umepungua, ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nikamwambia daktari kwenye raundi ya kupitia wagonjwa wodini, kasauti kadogo kama naomba msamaha, akauliza "wewe nani?" nikasema "nesi tu", akapita na mimi nikanyamaza. Jioni mzee akakimbizwa kwa wagonjwa mahututi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kinachoniuma mpaka leo sio swali la daktari, ni jibu langu mimi.

Baadae mwenzangu akanivuta kwenye mkutano wa chama. Mkunga mmoja akasimama akasimulia habari za Ethel Bedford Fenwick, muuguzi wa Uingereza, alivyopigania wauguzi wasajiliwe kisheria toka 1887 mpaka sheria ikapita 1919, na Florence Nightingale mwenyewe, yule muuguzi maarufu kuliko wote, alikuwa hautaki huo usajili! Daftari la usajili lilipofunguliwa, namba 1 akawa yeye Fenwick. Mwanangu nililia pale kwenye kiti. Raundi iliyofuata nilisema vipimo vyangu kwa sauti, nikavisema tena mpaka vikaandikwa.

Sasa ni chama kilichonipa sauti? Au nilishachoka kunyamaza ndo maana nikaenda? Mama yako mdogo hajawahi kuwa mwanachama wa chochote na hakuna daktari aliyempita kwenye raundi bila kumsikiliza. Na wapo wanachama wa miaka na miaka, kadi wanazo, bado wanasema "nesi tu". Lakini mimi bila ule mkutano, mh, sidhani.

Hela ni yako, siamui mimi, ingawa ulimi unaniwasha kweli. Nenda mkutano mmoja hata kama mgeni, halafu nipigie uniambie nani alisimama na alisema nini. Na yule ndugu wa mgonjwa akipiga tena mtajie jina lako, mwambie wewe ndo muuguzi wa zamu.

Mama yako