Nijikaze sikio likiuma chini ya maji?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimekulia ziwani, kuogelea najua. Desemba tunakwenda Mafia, tunafika Alhamisi. Mume wangu ameshalipia tuzamie na mitungi ya hewa Jumamosi, kwa boti, mara mbili siku hiyo hiyo. Shida ni sikio langu la kushoto. Mwaka jana nilijaribu kwenye bwawa la hoteli moja. Kufika mita 2 na nusu likachoma kama sindano. Mwalimu akaniashiria nijikaze. Nikatoka. Je, sikio langu bovu? Na Jumapili saa 2 asubuhi tunapanda ndege kwenda Dar, hilo halina neno?
Mama Wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Sikio lako huenda ni zima kabisa. Kosa ni huko kujikaza.

Mita 10 za maji zinakandamiza sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo zile mita za mwanzo ndizo zinazoumiza watu. Usingoje maumivu. Bana pua, puliza taratibu kwa pua hiyo hiyo hadi hewa iingie masikioni, ukiwa bado juu, kisha rudia kila unaposhuka nusu mita. Likigoma, panda kidogo, meza mate, jaribu tena. Mwambie anayekuongoza kabla hamjaingia majini kwamba wewe ni wa kushuka polepole, ukiwa umeshika kamba ya nanga. Akinuna, nuna naye.

Ukiwa na mafua, baki botini. Mimi mwaka mmoja nilishuka nayo kwa kuwaonea haya wageni walioshakaa tayari. Mita 6 hivi nikasikia pa! Maji baridi yakaingia ndani, dunia ikazunguka, sijui juu wala chini. Ngoma ya sikio imepasuka. Miezi 2 nikawa mtu wa kuosha mitungi tu.

Siku yenyewe msiipange kwa saa ya mkononi. Ghuba ya Chole inafuata maji. Yakijaa, maji safi ya bahari kuu yanaingia kupitia mlango wa Kinasi na unaona mbali. Yakipwa, vumbi lote la ghuba linatoka kupitia hapo hapo. Boti inaweza kuondoka saa 3, inaweza kuondoka saa 6. Angalieni na mwezi: bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo wake si wa mwanafunzi; maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, yatakufaa zaidi. Asubuhi kula chapati moja na chai, kaa katikati ya boti mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo. Miwani itemee mate, sugua kioo, suuza; ndiyo dawa ya ukungu. Chini huko wewe ni wa mita 12, usizidi, na pumzi usiizuie hata mara moja, hasa wakati wa kupanda.

Sasa ndege, na hapa ndipo ningemshika mumeo shati. Ukizama mara mbili, subiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, kwa sababu naitrojeni, ile gesi ya kwenye hewa ya mtungi iliyoingia mwilini, inahitaji muda wa kutoka. Ukiwahi kupanda angani inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Mkitoka majini Jumamosi saa 9 alasiri, mpaka Jumapili saa 2 asubuhi ni saa 17. Usiniambie ndege zenyewe ni ndogo na haziruki juu sana. Zamieni Ijumaa. Jumamosi nendeni Kilindoni mkaogelee na papa potwe, Desemba ni msimu wake. Yule anaonekana juu juu tu, miwani na mrija vinatosha, na ndege haina ugomvi naye.

Na kucha paka rangi nyekundu. Ukifika mita 10 zitazame: zitakuwa kama umezipaka masizi, maji yamemeza wekundu. Kisha omba mwenzako azimulike kwa tochi.