Kabla hujaniletea profoma ya mashine ya kubaindi

Wanangu wa masjala na wahazili wapya,

Jumatano kijana mmoja wa ofisini kwetu aliniletea profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, ya mashine ya kubaindi kwa joto, ile inayoyeyusha gundi iliyo kwenye mgongo wa kava ili ishike karatasi, niipitishe. Bei ipo, rangi ipo, hata siku za kuisubiri kutoka Dar zipo. Unene wa kava, yaani upana wa mgongo mkubwa kuliko yote ambao mashine inaweza kupokea, haupo. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nimemrudishia, na nimekaa kuandika haya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuona kosa lilelile likihama meza hadi meza hapa Iringa.

1. Hesabuni karatasi, siyo kurasa. Ripoti ya kurasa 120 iliyoprintiwa pande mbili ni karatasi 60. Chukua rimu ya gramu 80, weka rula ubavuni: karatasi 500, sentimita 5 na kidogo. Maana yake milimita moja ya kava inabeba karatasi 10 hivi. Sasa tafuta ripoti nene kuliko zote mlizowahi kutoa, uipime. Mashine isiyofika hapo iache dukani, hata wakikupunguzia bei.

2. Mashine ina mwisho wake, na mwisho huo haubembelezwi. Hapa niacheni niseme yote.

Mwaka wangu wa pili kazini, katika ofisi nyingine, mimi ndiye niliyechagua mashine. Ilikuwa inapata moto upesi, ina taa nzuri ya kijani, na bei yake ilikuwa chini kuliko za wenzake. Kava kubwa kuliko yote iliyoweza kupokea lilikuwa la milimita 15. Sikuuliza. Mwaka wa fedha ukafungwa tarehe 30 Juni, na mwishoni mwa Julai ripoti ikakamilika: karatasi 190, nakala 24, kikao kesho yake saa tatu asubuhi. Karatasi 190 zinataka kava la milimita 20. Mimi nina ya 15. Nikazibana kwa viganja, nikazisukuma mpaka zikaingia. Kwa nje zilipendeza, mgongo umenyooka kabisa. Ndani, karatasi za katikati zilikuwa zimebaki juu juu, gundi hazijaigusa. Na kwa haraka niliyokuwa nayo nikazitoa zikiwa bado za moto, nikazilaza kwenye boksi moja juu ya nyingine, nikafunga ofisi saa tano usiku nikiamini kazi imeisha.

Asubuhi ukumbini, ile Julai yetu ya wajumbe kukaa na makoti ndani, mwenyekiti akasema tufungue jedwali la mapato. Nilisikia kabla sijaona: karatasi zinateleza, meza moja, halafu ya pili, halafu ukumbi mzima. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akainama kuziokota sakafuni moja moja. Anapangusa vumbi kwa mkono wa koti, anasoma namba kwa sauti: "Sabini na saba... sabini na tisa... Binti, sabini na nane iko wapi?" Sikuwa na jibu. Kikao kiliahirishwa, na wajumbe waliotoka Mufindi wakalala mjini kwa fedha zao. Lile swali la mzee bado nalisikia kila ninapoona mtu anabana karatasi kwa viganja. Ningegawa ripoti ile sehemu mbili nikaitia spairo, ule waya wa kuzunguka unaopita kwenye matundu, wale watu wangerudi makwao jioni ileile.

3. Kava pana mno nalo ni tatizo: karatasi zinalala upande, kitabu kinalegea.

4. Ulizeni makava kabla ya mashine. Spairo utaipata steshenari yoyote kuanzia Miomboni hadi Kihesa, lakini makava ya gundi yanakwenda kwa saizi, na muuzaji akiwa na ya milimita 3 pekee, mashine yako itakaa kabatini na vumbi lake.

5. Someni kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka 120, na ukiichomeka hivihivi utanusa moshi kabla ya gundi.

6. Toa pini zote, gonga karatasi mezani mpaka zilingane. Kitabu kikitoka, gonga mgongo taratibu gundi ingali ya moto, kisha kisimamishe kwenye sehemu ya kupozea kwa dakika kadhaa. Karatasi ya kung'aa haishiki vizuri. Ukurasa ukisahaulika usilie: rudisha kitabu kwenye mashine, gundi itayeyuka tena, uchomeke.

7. Si kila kitu kinataka gundi. Mwongozo ambao fundi anaufungua wazi kwenye benchi huku mikono ina kazi, huo ni wa spairo. Na zabuni za serikali tangu 2023 zinapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, siyo kwa vitabu vilivyobaindiwa, kwa hiyo msinunue mashine kubwa kwa hesabu za zamani za vitabu vya zabuni.

Kijana wangu wa Jumatano: ripoti nene kuliko zote iko kabati la pili, rafu ya chini. Rula iko kwangu. Ukishapima, andika milimita juu ya profoma kwa kalamu, halafu uniletee.