Kwa Kijana Anayetaka Kuainisha Marijani Nyeusi

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa hapa Mombasa aliniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuainisha marijani nyeusi, au ni afadhali afuate wenzake kwenye ufugaji wa samaki. Alinitumia na picha ya kitawi cheusi kilichonaswa na mshipi wa mvuvi nje ya mwamba wa Nyali. Namjibu hadharani, kwa kuwa swali lake ni la wengi.

Nilipomaliza shahada ya uzamili, mkubwa mmoja katika idara niliyotarajia kuajiriwa alitamka mbele ya watu kwamba marijani nyeusi hailiwi wala haimleti mtalii, kwa hiyo nchi haina haja na mtu wa kuipa majina. Maneno yale yananichoma hadi leo. Laiti angekitazama kipande kimoja kwa hadubini, angeona miiba iliyojipanga safu kwa safu, mara nyingi isiyofika hata nusu milimita, mingine butu, mingine yenye ncha kali, mingine ikiwa na vinundu juu yake. Uainishaji wetu unategemea sana miiba hiyo, pamoja na namna matawi yanavyogawanyika na ukubwa wa polipu, yaani vile viumbe vidogo laini vinavyoishi juu ya kiunzi. Rangi hudanganya: kiunzi ni cheusi, lakini nyama iliyo hai huweza kuwa ya manjano, nyekundu au kijani.

Sikukata tamaa. Nilisoma ripoti ya George Brook ya mwaka 1889 kuhusu sampuli za Challenger, meli ya Uingereza ya utafiti wa bahari, kisha makala za Dennis Opresko, ambaye kuanzia 2001 hadi 2006 alizipanga upya familia za oda hii ya Antipatharia, yaani kundi zima la marijani nyeusi. Usomaji ulichukua miaka, na sina la kuusimulia zaidi ya kwamba lazima ufanyike. Leo watafiti wa nchi jirani hunitumia sampuli zao niwatambulie, na sioni haya kusema kwamba nafurahi.

Basi, kijana wangu, anza kwa kuhesabu minyiri. Ikiwa polipu ina sita, isiyojikunja ikaingia ndani kabisa, uko mahali pake; ikiwa ina minane yenye vijitawi pembeni, huyo ni marijani wa jamii nyingine. Kwenye zile ndefu zisizo na matawi, angalia kama polipu zimekaa upande mmoja, kama za Stichopathes, au zimezunguka pande zote, kama za Cirrhipathes. Tena usiwe na pupa, kwani viumbe hawa wenyewe hawana haraka: huko Hawaii, mwaka 2009, watafiti walitangaza kwamba koloni moja (polipu nyingi zinazoishi juu ya kiunzi kimoja) ya marijani nyeusi iitwayo Leiopathes ina umri wa zaidi ya miaka 4,000. Anayeivunja ili achonge tasbihi au bangili anamaliza kwa siku moja kilichoota kwa karne nyingi. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, umeiweka oda nzima katika Kiambatisho cha II, cha viumbe ambao biashara yao inahitaji kibali, tangu 1981, lakini ulinzi huo haufai kitu iwapo bandarini hakuna anayeweza kuitofautisha na plastiki nyeusi. Ndiyo maana kazi hii ni wajibu, na anayeidharau anaidharau bahari inayomlisha.

Kila sampuli igawe mara mbili: kipande kikavu kwa ajili ya miiba, na kingine ndani ya ethanoli kwa ajili ya DNA, wala usitumie formalini, kwa sababu huiharibu DNA. Andika kina, mahali na tarehe kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya ethanoli.