Kona ya Kabati: Anti, mtumba ni dhambi au ni thawabu?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba ukiamua nguo gani ununue, uivae muda gani na uitupe wapi, tayari unafanya harakati hata kama hujashika bango. Jamani meseji mlizotuma! Wengine mmenipongeza, wengine mmenichamba, mmoja kaniuliza kama nimehamia kwenye siasa. Nimechagua chache, zilizobaki mnisamehe nafasi ndogo.

Shikamoo Anti. Mimi nasoma chuo hapa Dodoma, nguo zangu karibu zote ni mtumba manake boom (hela ya mkopo wa chuo) likiisha limeisha. Sasa kwenye klabu yetu ya mazingira kuna mabishano hayaishi, mmoja anasema mtumba unaokoa dunia, mwingine anasema sisi tumegeuzwa jalala la Wazungu. Nimsikilize nani?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Wote wawili wako sahihi, ndio maana hamtamaliza. Nguo ikishashonwa, maji ya kulimia pamba yameshatumika, dawa za shambani zimeshapigwa, rangi imeshamwagika mtoni huko ilikotoka, kwa hiyo wewe ukiivaa miaka mingine mitatu badala ya kununua mpya umefanya la maana kabisa. Hapo huyo wa kwanza anashinda.

Ila nenda soko la Karume, Dar es Salaam, asubuhi ukaangalie belo linavyofunguliwa. Muuzaji kanunua kilo 45 zimekazwa kwa mikanda, hakuruhusiwa kuchungulia ndani, akikata ule mkanda wa kwanza ndio anajua leo Mungu yuko upande wake au la. Zile kali zinaondoka hapo hapo na wenye maduka na wadada wa Instagram, za kati zinaning'inizwa, za chini zinatandikwa kwenye turubai (Gikomba kule Nairobi wanaziita fagia), halafu kuna zile ambazo hata bure huchukui, shati lina doa la mafuta kifuani, suruali zipu imekufa, koti zito la kuvaa kwenye theluji, sijui nani alivae kwenye joto letu hili. Hizo zinaishia jalalani, mtaroni au kwenye moto wa jioni nyuma ya soko. Yule mama kalipia takataka za mtu mwingine kwa hela yake mwenyewe, na kuzitupa pia ni gharama yake, na hapo huyo wa pili naye anashinda.

Sasa msije mkakimbilia kusema "ipigwe marufuku". Ilishajaribiwa. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mtumba upunguzwe hadi uishe ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, serikali yao ikatikisa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kule bila ushuru, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda ikakaza, ilikuwa imeshapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50, na mwaka 2018 Marekani ikaifungia kuingiza nguo kwa huo mpango. Na hata tungeshinda, viwanda viko wapi? Urafiki, Mwatex, Mutex, havikuuawa na mtumba peke yake, kulikuwa na umeme wa shida, mashine zilizochoka, uendeshaji wa hovyo na vitambaa vipya vya bei chee kutoka nje. Ukifunga mtumba kesho kinachoingia ni nguo mpya za polista (kitambaa cha plastiki), na hiyo ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo wewe endelea na mtumba wako ila uchague. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ndani, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na inanukia karatasi, majivu yake ukiyagusa yanasagika. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kijiwe cheusi kigumu na harufu ya ndoo ya plastiki iliyowekwa motoni. (Nunua kwanza ndio uchome, usije ukafukuzwa sokoni ukasema Anti kanituma.) Ya pamba utaivaa hadi iwe kitambaa cha kudekia, hiyo nyingine kila ukiifua inaachia vipande vidogo vidogo vya plastiki vinavyoenda na maji.

Na hiyo klabu yenu, badala ya kubishana kwenye grupu la WhatsApp, nendeni sokoni mkawaulize wauzaji katika kila belo kinachotupwa ni kiasi gani na kinatupwa wapi, mpime kwa mizani, mwandike, mpeleke kwa diwani na afisa mazingira. Huko ndiko ningependa kuwaona.

Anti mimi nina tatizo la sare. Harusi sare, kitchen party sare, send-off sare, msiba nao siku hizi una sare. Kabati langu limejaa vitenge nilivyovaa mara moja, na ukisema huna hela unaambiwa unajitenga. Nifanyeje na mama mdogo wangu ndiye mwenyekiti wa kamati?
*Mama wawili, Temeke*

Pole shoga, na hapa umegusa penyewe, manake tunapenda kuwasema Wazungu kwa kununua nguo na kutupa wakati sisi wenyewe tunashona gauni la mikono ya puto kwa ajili ya saa sita za ukumbini basi. Hela ya fundi mara nyingi inapita ya kitambaa, na siku hizi vitenge vingi vinavyotoka ni polista iliyochapwa vizuri, ukikaa ukumbini bila feni unatoka jasho hadi kope zinabanduka.

Mama mdogo usibishane naye mbele ya kamati, hapo umeshashindwa kabla hujaanza. Mfuate kwake, salimia, kunywa chai, halafu mwambie "Mama, naona watu wengi wamebanwa, mkitangaza rangi tu badala ya sare hata michango ya ukumbi itakuja haraka." Hoja ya michango hiyo, hakuna mwenyekiti anayeikataa. Rangi ikitangazwa kila mtu anaenda kabatini kwake, huyu ana la kijani la harusi ya mwaka juzi, yule anaazima kwa wifi, na picha zinapendeza vile vile.

Wakikataa, jaribu la pili, sare iwe doti ya kanga. Haina fundi, pande moja unajifunga na jingine unajitanda, na sherehe ikiisha ile kanga inaanza maisha, inabeba mtoto, inatandikwa kitandani, inaingia jikoni. Kitenge cha mikono ya puto utakibebea nini?

Msibani ndio mimi sielewi kabisa. Mtu kafiwa, mnakimbizana na fundi ili kesho asubuhi mfanane. Hapo sema tu hapana, kwa upole, na uende na kanga yako.

Hivyo vitenge ulivyo navyo usivigawe kwa hasira. Fundi mzuri gauni refu anakutolea sketi na blauzi ya mtoto, na mabaki anakufanyia mito ya kochi. Ovyo kabisa ni kuvifungia kwenye begi juu ya kabati miaka kumi, hapo hata wewe unakuwa jalala.

Sasa Anti, niko Nairobi. Mimi huagiza nguo online kutoka China, dress inaingia bei ya chini kuliko hata soko la mitumba la Toi, na iko mpya. Mbona mnatufanya tujiskie vibaya? Si kila mtu ana pesa ya designer.
*Msomaji, Umoja*

Sitaki ujisikie vibaya, na ya designer sikukwambia ununue, bei kubwa nayo sio ushahidi wa chochote. Nakuomba tu upige hesabu moja. Lile gauni la bei chee umelivaa mara ngapi kabla mshono wa kwapani haujaachia? Gawa bei kwa hizo mara. Halafu chukua ile jinzi yako ya Gikomba ya mwaka juzi, nayo ifanyie hivyo hivyo. Utaniambia ipi ghali.

Halafu hiyo bei ya chini kuna mtu analipia tofauti. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2013, pale Savar nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka, watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wadada wa cherehani. Siku moja kabla nyufa zilishaonekana ukutani. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake, washonaji wakaambiwa rudini kwenye mashine, oda za watu zinasubiri. Baada ya hapo ndio wanaharakati wa Fashion Revolution, walioanzia Uingereza, wakaanzisha lile swali la kuyauliza makampuni ya nguo kila mwaka ifikapo Aprili, nani ameshona nguo zangu? Swali dogo ila makampuni mengi yalikuwa hayana jibu.

Na wewe sio lazima uangalie Bangladesh. Athi River hapo kuna viwanda vya EPZ (eneo la bidhaa za kuuza nje) vinavyoshona nguo za kupeleka Marekani, pengine jirani yako anafanya kazi huko. Muulize analipwa ngapi na oda ikichelewa wanalala saa ngapi. Ukishasikia, agiza au usiagize, uamuzi ni wako.

Binti, ukurasa huu zamani ulikuwa wa mishono na rangi, tulikuwa tunawasomea wake zetu. Siku hizi harakati, harakati. Nguo ni nguo tu.
*Mzee, Tanga*

Shikamoo baba. Nguo haijawahi kuwa nguo tu, na nyie wazee ndio mashahidi. Mwaka 1969 vijana wa TANU walikuwa wanazuia wasichana wenye vimini Dar es Salaam, ile Operesheni Vijana, kwa hiyo sketi ilishakuwa suala la chama kabla mimi sijajua kushika sindano. Nyuma zaidi, Zanzibar, utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake waliozoea kuvikwa kaniki na merikani, vitambaa duni visivyo na maua, wakaanza kujinunulia kanga za maua, na mtaa mzima ukaelewa kwamba hawa sio mali ya mtu tena. Gandhi aliwaambia Wahindi wasokote uzi wao wenyewe waache vitambaa vya Mwingereza, mwaka 1921 wakavichoma hadharani Bombay. Na Thomas Sankara pale Burkina Faso aliwavalisha watumishi wa serikali pamba ya nyumbani iliyofumwa na kinamama. Kwa hiyo baba sijabadilisha ukurasa. Mishono itarudi toleo lijalo, kuna mapande mapya ya baibui, mama atapenda.

Anti habari, niko Lyon, Ufaransa. Huwa naweka nguo zangu za zamani kwenye yale makontena ya barabarani nikiamini wanapewa maskini. Rafiki yangu kanicheka kwamba zinauzwa. Kweli?
*Dada wa ughaibuni*

Kweli, sehemu kubwa inauzwa. Chache nzuri zinabaki madukani huko huko, nyingine zinachambuliwa, zinafungwa, zinauzwa kwa kilo kwa waagizaji, na mwisho wa safari ni yule mama wa Karume niliyemtaja juu. Sio dhambi, ni biashara, watu wamesomesha watoto kwa belo. Ila sasa ukiweka nguo kwenye kontena mfikirie huyo mama. Fua. Funga viatu viwili pamoja kwa kamba. Iliyochanika usimpelekee mtu.

Na wewe una bahati ambayo sisi hatuna. Ufaransa tangu mwishoni mwa 2023 ukipeleka nguo au viatu kwa fundi aliyejiunga na mpango wao wa matengenezo unapunguziwa bei papo hapo, mwanzoni ilikuwa euro 6 mpaka 25 kutegemea kazi, na hela inatoka kwenye mfuko unaochangiwa na makampuni yanayouza nguo. Sio msaada huo, mwenye kuleta nguo sokoni analipia mwisho wake. Utumie kabla hujafikiria kontena. Na huku kwetu nani atamwambia mwagizaji wa mabelo achangie kidogo kwa ajili ya jalala? Nauliza tu, waheshimiwa nao wanasoma magazeti.

Dada, mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Wateja siku hizi wanaleta mitumba niwapunguzie ukubwa, wanataka buku tatu (elfu tatu). Kupunguza koti lenye bitana ni kazi ya nusu siku! Wakisikia bei wanasema "si unashona tu pembeni". Niwajibuje?
*Fundi, Mwanza*

Fundi wangu, heshima kwako. Ukipunguza koti unafumua mkono, unafumua bitana, unakata, unarudisha bega likae sawa, unapiga pasi kila hatua, na kitambaa ni cha mtu, ukikosea hakuna kingine. Kushona jipya ni rahisi kuliko hapo, na mteja hajui kwa sababu hajawahi kuona.

Basi mwonyeshe. Akileta koti ligeuze mbele yake, fumua kidogo upande mmoja aone zile nyuzi, umwambie "kazi ni hii, upande wa pili nao hivi hivi." Usimtajie bei moja ya jumla. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani, kufumua bei yake, bitana bei yake, zipu bei yake, pindo bei yake, atachagua mwenyewe aache nini. Kazi ndogo kama vifungo na pindo weka bei ndogo kabisa, hata kama hupati faida, manake mteja aliyezoea kuleta kifungo leo ndiye atakayeleta koti kesho, na yule unayemkatisha tamaa kwa kifungo anaenda kununua jingine. Lenye kola iliyooza likatae mapema, mwambie alifanye la kudekia.