Kuongezewa mfupa taya la juu kabla ya implanti: niliyopitia mimi

Dada uliyeuliza kama dokta anakutafutia pesa kwa kusema huwezi kuwekewa implanti (jino bandia linaloshikwa na skrubu iliyozamishwa kwenye mfupa wa taya) ya gego la juu mpaka uongezewe mfupa: huenda anasema kweli kabisa, na unaweza kuhakikisha mwenyewe. Mimi nilifanyiwa, gego la kwanza la juu kulia.

Magego ya juu yana shida ambayo ya chini hayana. Juu ya mizizi yake kuna sainasi, ule uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishikilia huanza kuliwa, sana sana mwaka wa kwanza, na huko juu sainasi nayo hushuka. Langu lilikuwa limeng'olewa zamani, nikabakiwa na milimita 3 za mfupa. Skrubu ya titani inayotumika sana ina urefu wa kama milimita 8 hadi 12. Itashika wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, omba CT ya taya, yaani eksirei ya pande zote tatu, maana eksirei ya kawaida haionyeshi upana wa mfupa. Mwambie dokta apime mbele yako. Ukiwa na milimita 6 hivi, mara nyingi sakafu ya sainasi huinuliwa kidogo kupitia tundu lile lile la skrubu, na yote yakaisha kwa mkao mmoja, au ukawekewa skrubu fupi bila kuongezewa chochote. Hapo ukiambiwa upasuaji mkubwa, tafuta dokta wa pili. Ukiwa chini ya milimita 4, kwa kawaida hufunguliwa upande wa shavu, na skrubu husubiri.

Mimi nilipigwa ganzi tu, macho yangu wazi. Alipasua ufizi akachonga kidirisha kwenye mfupa. Sikusikia maumivu, ila mtetemo uliingia mpaka kichwani. Kisha akaanza kuinua utando wa sainasi, ile ngozi nyembamba iliyo ndani yake, taratibu mno, na hapo ndipo penye kazi yenyewe: ukichanika padogo huzibwa, ukichanika sana kazi huahirishwa. Muulize dokta wako amezoea kiasi gani kuinua sainasi, wala usione haya. Kwenye kibakuli niliona punje nyeupe kama chumvi ya mawe, akazichanganya na damu yangu mpaka zikashikana, ndipo akazijaza chini ya utando ule.

Zile punje zilikuwa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa ukabaki madini tu. Kuna wa nguruwe, wa binadamu aliyejitolea, wa kutengenezwa kiwandani, na wako mwenyewe unaochukuliwa nyuma ya taya la chini. Utando wa kufunikia punje hizo nao mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Kama dini yako haikuruhusu, sema mapema ili dokta aagize, usingoje mpaka umekaa kwenye kiti.

Shavu lilivimba, chini ya jicho pakawa na rangi ya zambarau. Hilo hupita. La kushika ni hili: usipenge kamasi, chafya ikija fungua mdomo, usinywe kwa mrija, usipande ndege mpaka dokta aruhusu. Sigara iache kabisa, na mwenye sukari aiweke sawa kwanza, maana jeraha linachelewa kupona na skrubu inaweza isishike. Nilisubiri zaidi ya nusu mwaka kabla ya skrubu, kisha miezi mingine kabla ya jino lenyewe. Anayekuahidi yote kwa mwezi mmoja wakati mfupa wako ni milimita 3, mkimbie.

Umesema mama naye ana gego la juu la kung'olewa. Kama anafikiria implanti baadaye, mwulizeni dokta sasa hivi kuhusu kujaza tundu mfupa siku hiyo hiyo ya kung'oa. Haizuii mfupa kupungua wote, lakini inapunguza sana, na huenda ikamwepusha na kufunguliwa sainasi. Ila pakiwa na usaha mwingi, dokta anaweza kutaka pakauke kwanza.