Mara tatu niliambiwa nina wadudu wa vidonda vya tumbo

Kuanzia 2016 hadi 2022 omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, haikutoka kwenye mkoba wangu. Naamka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na kabla sijafunga kanga kiunoni chembe ya moyo imeshaanza kuwaka. Mara tatu nilitolewa damu, mara tatu nikaambiwa nina wadudu wa vidonda vya tumbo, mara tatu nikameza dawa zote mpaka kidonge cha mwisho. Napata nafuu wiki mbili tatu, halafu moto unarudi palepale. Nikaacha maharage, nikaacha pilipili, nikaacha hata mawese, mimi mtoto wa Ujiji!

Naandika haya kwa ajili yako uliye na karatasi ya maabara kama zangu.

Wadudu wanaosemwa ni bakteria, Helicobacter pylori. Zamani madaktari wengi waliamini vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo, tindikali na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara. Watu hawakuwaamini, basi mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yaliyojaa bakteria hao. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na kipimo kikaonyesha utando wa ndani wa tumbo lake umevimba. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo bakteria huyu ni wa kweli, na akiachwa miaka mingi anaweza hata kuchangia saratani ya tumbo. Tatizo langu lilikuwa kipimo.

Kipimo cha damu tunachopimwa wengi hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza siku ulipovamiwa. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya adui kufa. Ukishatibiwa ukapona, karatasi bado inaweza kusoma chanya, nawe ukaanzishiwa dozi nyingine bure. Hili hakuna aliyenieleza kwa miaka sita, na linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo omba kipimo kinachojibu swali moja: yupo sasa hivi? Kuna cha choo kikubwa, kinachotafuta chembechembe za bakteria mwenyewe, na hakihitaji mashine kubwa. Kuna cha pumzi: unakunywa urea iliyowekewa alama, bakteria akiwepo anaivunja, na hewa yenye alama inatoka unapopuliza. Ila ukienda kupima huku unameza omeprazo, bakteria hujificha na majibu yanaweza kutoka hasi kumbe yupo. Omeprazo huachwa wiki mbili kabla, antibayotiki wiki nne. Mwambie daktari unazotumia, akupangie namna ya kuziacha.

Mimi nilipelekwa kwenye endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaoshuka kooni mpaka tumboni. Nilikwenda Mwanza na mdogo wangu, basi la kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, Busisi tukavuka kwa pantoni. Niliogopa kuliko siku ya kujifungua. Wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, nikalala ubavu wa kushoto, nikang'ata kitu cha plastiki, machozi yakanitoka. Zilikuwa dakika chache tu. Kidonda kilikuwepo, wakachukua na vipande vidogo vya nyama kwenda kupima.

Daktari akaniuliza, "Mama, unatumia dawa gani za maumivu?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, na zile za mgongo?"

Kila jioni nilikuwa nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo wa kubeba magunia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumtajia mtu, kwa sababu moyoni sikuihesabu kuwa dawa. Ilikuwa kama chai ya jioni. Dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hupunguza kemikali zinazolinda utando wa tumbo, tindikali ikapata njia. Vile vipande vilipopimwa havikuwa na bakteria. Niliacha diklofenaki, nikatumia dawa ya kupunguza tindikali kwa wiki nilizoandikiwa, kidonda kikafunga. Ukienda kwa daktari, mwaga mkoba wako wote mezani, na vidonge vya kununua kimojakimoja viwemo. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kabla hujaongea naye.

Mdogo wangu naye akapima choo, na yeye bakteria alikuwepo kweli. Hapa ndipo utafiti wa karibuni umebadilisha mambo. Klarithromaisini, dawa iliyotegemewa miaka mingi, bakteria wameizoea sehemu nyingi duniani, haiwaui tena. Shirika la Afya Duniani liliiweka shida hiyo kwenye orodha yake ya bakteria sugu kwa dawa mwaka 2017. Mwongozo wa Marekani wa 2024 unapendekeza kuanza na dawa nne kwa pamoja, siku 14, mojawapo bismathi. Yeye alipewa hizo. Siku ya tatu akanipigia simu analia kwamba choo kimekuwa cheusi. Ilikuwa bismathi, ndivyo inavyofanya. Ila mtu asiyetumia bismathi wala vidonge vya madini ya chuma akipata choo cheusi cha kunata kama lami, au akatapika damu, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni navyo visingoje mwezi ujao.

Na sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tuna jambo letu. Kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo, tunakipata kwenye maji ya ziwa, kinaharibu ini polepole, mishipa ya koo la chakula inavimba, na mtu anaweza kutapika damu watu wakasema vidonda. Kama umekulia majini kama mimi, mwambie daktari hivyo, aangalie mayai ya kichocho kwenye choo. Prazikwanteli inatibu minyoo hiyo, lakini ini likishaharibika sana kazi ni ngumu.

Mdogo wangu alisubiri wiki nne baada ya dozi, mbili za mwisho bila omeprazo, akarudi kupima choo. Wengi wetu hatua hii tunairuka, maumivu yakitulia tunaona yameisha. Alinipigia akiwa bado mlangoni mwa maabara: hasi. Jioni ile nilipika maharage kwa mawese, nikala sahani mbili.